Siku Moja Lofoten: Anza Mbali, Rudi Ukikaribia Meli

Meli ya kitalii ikifika bandari ya Leknes asubuhi, mara nyingi huondoka jioni hiyohiyo. Ukitoa muda wa foleni ya kushuka na akiba ya kurudi mapema, zinakubakia saa sita hivi za kuziona Lofoten, visiwa vya kaskazini mwa Norwei ambavyo watu hutoka pembe zote za dunia kuja kuvitazama. Saa hizo zinatosha kabisa, ila kwa barabara moja tu. Mimi nilikwenda mwanzoni mwa Juni na mama yangu, ambaye ujana wake wote aliumalizia Kipumbwi, wilayani Pangani, akianika samaki. Haya niliyoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla hatujapanda meli Hamburg.

Kwanza, viza

Norwei imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ingawa haimo katika Umoja wa Ulaya. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda ambaye hana kibali cha kuishi Ulaya atahitaji viza ya Schengen. Omba ya kuingia mara nyingi, usiombe ya mara moja. Sababu ni kwamba meli nyingi za kaskazini hupitia pia sehemu zilizo nje ya Schengen: Svalbard iko nje ingawa ni ya Norwei, na visiwa vya Faroe viko nje ingawa viko chini ya Denmark. Meli ikitoka huko kurudi Norwei, wewe unaingia Schengen upya. Ikipitia Shetland au Orkney, hiyo ni Uingereza, na viza yake ni nyingine kabisa. Chukua ratiba ya bandari zote, ipitie moja baada ya nyingine, halafu ndipo ulipe nauli. Ukishalipa, kampuni haitakurudishia pesa kwa sababu ya karatasi zako.

Usiku wa kuamkia Leknes

Keti na ratiba ya siku ambayo meli huigawa vyumbani. Tafuta mambo matatu: meli itafunga gatini au itatia nanga nje, boti ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi, na namba ya simu ya wakala wa meli bandarini. Namba hiyo iandike kwenye karatasi na uitie mfukoni, kwa kuwa simu huzimika.

Kama meli itatia nanga, mtateremshwa kwa boti ndogo, na boti hizo zina foleni. Waliolipia matembezi ya meli hutangulia. Sisi tulidhani kuamka mapema kunatosha, kumbe kulikuwa na tiketi za zamu zinazochukuliwa ukumbini. Tukapoteza karibu nusu saa tumesimama. Uliza mapokezi usiku huohuo tiketi za boti zinatolewa wapi na kuanzia saa ngapi.

Kisha andika ratiba yako kwa saa za Kiswahili na pembeni uandike za meli. Hili si jambo dogo. Meli husema 16:30, na mzee uliyefuatana naye anapaswa kujua moja kwa moja kwamba hiyo ni saa kumi na nusu jioni. Hesabu yetu ya saa husimama juu ya jua kuchomoza na kuchwa, na Lofoten, kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai, jua halichwi. Mwangaza hautakwambia lolote. Utatazama nje ukadhani ni saa nane mchana, kumbe ni saa nne usiku. Vaa saa mkononi, na uhakikishe inafuata saa ya meli. Kwa kawaida meli hufuata saa za nchi iliyomo, lakini si zote.

Begi la siku

Juni na Julai joto huwa kati ya nyuzi 10 na 15, na upepo wa baharini hulipunguza. Mvua huja na kwenda bila hodi. Vaa nguo nyepesi za tabaka tabaka, juu yake jaketi lisilopitisha maji. Mwavuli uache chumbani, upepo utauvunja. Viatu viwe vya kukamata vizuri, kwani mbao za magati zinateleza.

Chukua kadi ya meli, kitambulisho chenye picha, kadi ya benki, na chupa tupu ya maji. Maji ya bomba ya Norwei ni safi na matamu. Fedha taslimu hutazihitaji. Kuhusu simu: laini ya nchi ya Umoja wa Ulaya hufanya kazi Norwei kwa bei ya nyumbani, lakini ukiwa baharini simu inaweza kudaka mtandao wa meli, ambao ni ghali mno. Iweke kwenye hali ya ndege mpaka mguu wako ukanyage nchi kavu.

Chagua barabara moja

Bandari iko kilomita chache kutoka mji wa Leknes, na mji wenyewe ni wa maduka na mizunguko ya barabara. Uzuri uko nje. Barabara kuu ni E10. Ukielekea mashariki inakupeleka Borg, kisha Henningsvær na Svolvær. Ukielekea magharibi inakupeleka Ramberg, Hamnøy, Reine, na mwisho kabisa Å, kijiji ambacho jina lake ni herufi moja, ile ya mwisho katika alfabeti ya Kinorwei. Å ndipo barabara inapoishia.

Shauri langu ni magharibi. Ndiko milima inakoporomoka wima hadi baharini na vijiji vimekaa kwenye ncha za mawe kama ndege waliotua. Usijaribu kwenda magharibi asubuhi na mashariki mchana. Kutoka Leknes hadi Reine ni kama kilomita 55, mwendo wa saa nzima. Henningsvær nayo ni mwendo wa karibu saa nzima upande wa pili. Ukizitaka zote mbili utaishia kuviona visiwa kupitia kioo cha gari.

Usafiri una njia tatu. Matembezi ya meli ni ghali, lakini basi lao likichelewa meli itawasubiri. Magari ya wenyeji, mabasi madogo ya watu sita au nane, hukaa nawe muda mrefu zaidi kila mahali. Yatafute na uyalipie wiki kadhaa kabla. Gari la kukodi ni uhuru, ila ni machache na huisha mapema. Mabasi ya kawaida yapo, lakini ni ya wanafunzi na wakazi, na hupita kwa nadra. Usiitegemeze siku yako juu yake.

Ukiendesha mwenyewe, kumbuka kwamba Norwei wanapita kulia, sisi tumezoea kushoto. Taa huwashwa mchana kutwa kwa sheria. Baadhi ya madaraja ni ya gari moja moja. Utaona vibao vyenye herufi M: hapo ni mahali pa kupishana, si pa kuegesha ili upige picha. Wenyeji wanaudhika sana kwa hilo, na wana haki, maana gari la wagonjwa nalo linapita barabara hiyohiyo. Kondoo nao hutembea watakapo.

Saa tatu asubuhi: nenda mwisho wa barabara bila kusimama

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanatoka bandarini, kama nusu saa baadaye wanaona ufuo mweupe wa Ramberg, wanasimama. Mbele kidogo wanaona daraja, wanasimama tena. Kufika Reine ni saa saba mchana na moyo umeshaanza kudunda kwa kuwaza meli.

Fanya kinyume chake. Pita handaki linalozama chini ya mlangobahari wa Nappstraumen, pita Ramberg, pita Reine, nenda moja kwa moja hadi Å. Halafu geuka, uwe unasimama huku ukirudi. Kila kituo kitakachofuata kitakuwa karibu zaidi na meli kuliko kilichotangulia. Ukichelewa, utakachokikosa ni kile kilicho jirani na bandari, na hofu haitakutafuna. Na asubuhi hiyo utakuta Å bado kimya, kwa kuwa mabasi makubwa yamekwama kwenye picha za njiani.

Å: toa saa moja na nusu

Å ni kijiji cha wavuvi kilichogeuzwa sehemu kubwa kuwa makumbusho, lakini bado watu wanaishi humo, kwa hiyo usifungue mlango wowote usio na kibao. Nyumba nyekundu zilizosimama juu ya nguzo majini huitwa rorbu. Zilikuwa makambi ya wavuvi waliokuja kwa msimu, kama dago la wavuvi wetu wanapohamia ufuo mwingine kufuata samaki. Ingia kiwanda cha zamani cha mafuta ya ini la samaki, yale mafuta ambayo wengi wetu tulinyweshwa kwa kijiko utotoni tukiwa tumezibwa pua. Kuna tanuri la mikate la mwaka 1844 ambalo bado linaoka andazi la mdalasini. Nunua moja likiwa moto. Kwenye kuta za nyumba kuna shakwe wadogo wanaotaga juu ya madirisha, na kelele zao utazisikia kabla hujawaona.

Lakini kilichotuleta sisi ni chanja.

Kila mahali Lofoten utaona miti imeunganishwa mithili ya mapaa yasiyo na makuti, mirefu kuliko nyumba. Hizo ni chanja za kukaushia samaki. Samaki mwenyewe ni yule ambaye kamusi zetu humwita chewa, ingawa si chewa wa miamba yetu. Wenyeji humwita torsk, na akiwa anahama kuja kutaga humwita skrei. Kuanzia Januari hadi Aprili hushuka kutoka bahari ya Barents kwa makundi makubwa mpaka kwenye maji ya Lofoten. Wavuvi humkata kichwa, humtoa matumbo, humfunga wawili wawili mikiani na kumtundika. Hukaa pale hadi Mei au Juni.

Mama alizunguka uchanja mmoja mara mbili. Samaki walikuwa wamekwisha kushushwa, vilibaki vichwa vimetungwa kwenye kamba kama shada. Akanusa. Akaniuliza, "Mwanangu, chumvi yao iko wapi?" Nikamjibu hawatii chumvi kabisa. Hakuniamini. "Na inzi?"

Swali lake lilikuwa lenyewe hasa. Samaki wa pwani yetu bila chumvi angeoza kabla ya jua kuchwa, ndiyo maana ng'onda na papa hutiwa chumvi. Lofoten iko ndani ya duara la Aktiki, lakini mkondo wa bahari wenye vuguvugu unapita hapo, hivyo majira ya baridi joto hucheza karibu na sifuri. Baridi ingezidi, samaki angeganda na nyama yake ikapasuka, ingepungua, angeoza. Pale katikati, upepo unamkausha polepole, na inzi hawajazaliwa bado. Kazi ya chumvi inafanywa na hewa. Mama alipoelezwa hivyo na mzee wa makumbusho, nami nikitafsiri, alinyamaza kitambo, kisha akasema Mungu amewapa hawa upepo, sisi akatupa jua.

Ukija Julai au Agosti utakuta miti mitupu. Usisikitike, yapo makumbusho ya samaki mkavu hapohapo Å yatakayokuonyesha yote. Uliza vichwa huenda wapi. Vingi huenda Nigeria, ambako hupikiwa mchuzi na kupendwa sana, na samaki wa daraja la juu huenda Italia. Waitaliano wenyewe husimulia habari ya Pietro Querini, mfanyabiashara wa Venice ambaye meli yake iliharibika, naye akaokolewa na wavuvi wa kisiwa cha Røst mwanzoni mwa mwaka 1432. Alirudi kwao akiwa amejua samaki huyu. Røst ni kisiwa cha mwisho cha Lofoten, mbele zaidi ya pale uliposimama, kuelekea bahari kuu.

Usipande juu ya chanja wala usiguse samaki. Ni mali ya mtu, na ni chakula.

Reine na Hamnøy: mchana

Rudi kama kilomita 10 na utakuwa Reine. Kijiji kina wakazi wachache, mia chache tu, na siku ya meli wageni huwa wengi kuliko wao. Egesha panapolipiwa, tembea kwa miguu hadi ukingo wa barabara unaotazama ghuba. Utakaposimama hapo utaelewa kwa nini umekuja, sina maneno zaidi ya hayo.

Juu ya kijiji kuna mlima Reinebringen, na ngazi za mawe karibu 2,000 zilizojengwa na mafundi wa Kisherpa kutoka Nepal. Utaona watu wakiupanda. Kwa siku ya meli sikushauri. Ngazi zikiloa ni hatari, magoti yanachoka wakati wa kushuka, na itakula nusu ya muda wako wote. Chini kunatosha.

Kwa chakula, agiza supu ya samaki au kababu za samaki waliosagwa, fiskekaker. Kwa wanaokula halali, samaki hana tatizo, lakini wapishi wa hapa hupenda kumwagia samaki vipande vya nyama ya nguruwe iliyokaangwa pamoja na mafuta yake, hasa samaki aliyekaushwa nusu. Sema mapema, "uten bacon", yaani bila hiyo nyama, na uulize supu imepikwa na nini. Hawakasiriki kuulizwa.

Na swala: mwanzoni mwa Juni adhuhuri huingia kama saa saba na dakika chache mchana, na kibla ni kusini-mashariki. Tulisali kwenye majani nyuma ya maegesho, mama akajumuisha na alasiri kama msafiri. Magharibi na isha ndiyo yenye mjadala mahali jua lisipochwa. Wapo wanaofuata nyakati za mji wa karibu wenye usiku na mchana, wapo wanaofuata za Makka. Muulize shehe wako kabla hujasafiri, usiache mpaka uko sitahani.

Dakika tano kutoka Reine kuna Sakrisøy yenye nyumba za manjano, kisha Hamnøy. Picha mashuhuri ya nyumba nyekundu chini ya mlima hupigwa darajani. Pita pembeni, usisimame katikati ya njia. Tazama juu pia: tai wa bahari wa huku, anayefanana na furukombe wetu ila mkia tu ndio mweupe, ana mabawa yanayozidi mita mbili kutoka ncha hadi ncha.

Saa nane mchana: geuka

Saa nane kamili uwe garini. Hii ndiyo amri pekee ya mwongozo huu. Ukifika Ramberg na bado una nusu saa ya ziada, simama, vua viatu, tembea mchangani. Mchanga ni mweupe na maji ni ya kijani, ungeapa uko Paje, Zanzibar. Tia kidole tu, utajua uko wapi. Kama muda umebana, pita.

Lenga kufika bandarini saa tisa na nusu, saa nzima kabla ya boti ya mwisho. Lori likiharibika kwenye daraja la gari moja, hakuna njia nyingine ya kupitia. Na likikukuta la kukukuta, mpigie wakala wa meli mara moja, ukiwa bado njiani, usingoje mpaka ufike. Meli ikishaondoka, njia za kuifuata ni ndege ndogo kutoka Leknes kwenda Bodø, au meli za pwani zinazopita Stamsund na Svolvær, na gharama ni juu yako.

Kama mzee hawezi safari ndefu

Kuna siku nyingine, fupi na nzuri pia. Fukwe za Haukland na Uttakleiv ziko karibu na Leknes, na hakuna ngazi. Upande wa mashariki, mwendo wa robo saa hivi, kuna Borg, ambako mkulima mwaka 1981 aliibua kwa jembe lake mabaki ya nyumba ya mtemi wa Waviking yenye urefu wa mita 83. Wameijenga upya kando yake, na ndani moto unawaka. Nusu siku inatosha, na mzee atarudi melini kabla ya kuchoka.

Samaki wa kupeleka nyumbani

Nunua mkavu aliyefungwa vizuri kwenye plastiki, na uulize meli kwanza kama wanaruhusu kupanda naye. Mfunge tena kwa mifuko miwili, la sivyo chumba kizima kitanuka. Nyumbani, mloweke siku tano hadi saba ndani ya friji, ukibadilisha maji kila siku, mpaka arudi kuwa laini. Mama alimloweka Hamburg kwa siku sita, akamchemsha kidogo, kisha akamtia kwenye tui zito na ndimu na pilipili mbuzi. Chumvi aliweka mwenyewe.